Mlango wa Uani Ulioachwa Wazi

Hotuba kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa teknolojia ya habari, Dar es Salaam

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi, mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa. Nashukuru kwa mwaliko, na nashukuru zaidi kwa kunipa saa ya asubuhi, kabla jua halijapanda na vichwa vingali vyepesi.

Nimeombwa nizungumzie usalama wa mtandao. Ningeweza kuzungumzia wizi wa jana na juzi, wa simu na wa benki, lakini huo mmeshausikia. Nimeamua kurudi hadi kwenye nyufa za kwanza kabisa, yaani udhaifu wa mifumo unaompa mwizi pa kuingilia. Nimesimamia seva kwa miaka kumi na saba, na karibu kila ufa niliowahi kuuziba nimekuta ulishaelezwa na mtu, kwa maandishi, kabla sijazaliwa au nikiwa bado mtoto. Ulielezwa, ukasomwa, ukaachwa. Hilo ndilo linaloniuma, na ndilo nililokuja kulisema.

Mnaotoka Tanga, Bagamoyo na Unguja mnazijua nyumba zetu. Mbele kuna mlango wenye komeo. Mgeni anapiga hodi na kungoja aambiwe karibu. Nyuma kuna mlango wa uani, na huo mchana haufungwi. Jirani anapita kuomba kaa la moto, mtoto anapita kurudisha sahani, shangazi anaingia bila salamu ndefu na kuketi kwenye mkeka. Hakuna anayeuona kuwa hatari, maana mtaa mzima unajuana. Mtandao wa kwanza wa kompyuta ulijengwa na watu waliojuana namna hiyo.

Usiku wa tarehe 29 Oktoba 1969, Charley Kline, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Los Angeles, alijaribu kuingia kwenye kompyuta iliyokuwa Taasisi ya Utafiti ya Stanford, mamia ya kilomita kaskazini. Alitaka kuandika neno LOGIN. Zilifika herufi mbili, L na O, kisha mashine ya upande wa pili ikazima. Naipenda habari hii kwa sababu neno la kwanza lililojaribiwa mtandaoni lilikuwa la kubisha hodi. Kufikia mwisho wa mwaka ule vituo vilikuwa vinne, fedha zikitoka Wizara ya Ulinzi ya Marekani, na mtandao ukaitwa ARPANET. Watumiaji wake walikuwa wachache kiasi kwamba majina na namba zao za simu zilichapishwa kwenye kitabu.

Miaka minne baadaye, Desemba 1973, Bob Metcalfe, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Xerox kule Palo Alto, aliandika waraka akausambaza kwa wenzake wa mtandao. Nyaraka za aina hiyo zilipewa namba. Huu ni namba 602. Ni mfupi, utaumaliza kabla chai yako haijapoa. Metcalfe huyo ndiye ambaye mwaka uleule alikuwa akibuni Ethernet, njia ya kuunganisha kompyuta kwa waya ambayo hata maabara yenu inaitumia. Kwa hiyo onyo lilitoka kwa mmoja wa wajenzi wa nyumba yenyewe.

Alisema mtandao uko hatarini, akataja sababu. Vituo vilivyozoea kulindwa na ukuta havijajilinda dhidi ya mtu anayekuja kwa waya. Watu bado wanatumia maneno ya siri ya kubahatishwa kirahisi: jina lao la kwanza, herufi za mwanzo za majina yao, jina la kompyuta lililoandikwa kinyumenyume, au herufi zilizopangana kwenye kibodi, na akatoa mfano: ZXCVBNM. Mashine zinazompokea mtu kwa simu na kumwingiza mtandaoni hazimuulizi yeye ni nani, na namba za simu za mashine hizo zimezagaa kama zile zinazoandikwa kwenye kuta za vibanda vya simu. Tena kuna watu wanaopenda tu kuvunja mfumo wa mwenzao ili waone kama inawezekana.

Naomba mtulie kidogo kwenye lile la ukuta, maana ndilo zito. Kabla ya mtandao, kompyuta ilikaa chumbani mwake. Aliyetaka kuitumia alipita kwa mlinzi, akaonekana uso, akasaini daftari. Waya ulipoingia, ukuta ulibaki umesimama palepale bila kulinda tena kilichomo, na watu waliendelea kujiona salama kwa sababu walikuwa bado wanauona. Nimeingia ofisi nyingi za mji huu ambako getini nimevuliwa mkanda na kukaguliwa begi, kisha ndani nikakuta seva inaingilika kutoka popote duniani kwa neno la siri lililotoka nalo kiwandani.

Metcalfe hakuwa akitabiri. Aliandika kwamba katika wiki zilizotangulia, kompyuta kubwa zisizopungua mbili zilikuwa zimeangushwa katika mazingira ya kutilia shaka na watu waliojua wanachokihatarisha, na kwamba katika mfumo wa tatu neno la siri la msimamizi mkuu lilikuwa limevuja. Aliyelipata? Wanafunzi wawili wa sekondari wa Los Angeles. Mwaka 1973, ndugu zangu. Wengi wa wazazi wenu walikuwa hawajazaliwa.

Waraka ulisomwa. Na mlango wa uani ukabaki wazi kwa miaka mingine kumi na tano.

Sasa twende Jumatano, tarehe 2 Novemba 1988. Mtandao ulishakua ukawa intaneti, na kwa makadirio ya siku zile ulikuwa na kompyuta kama 60,000. Robert Tappan Morris, kijana wa miaka 22, mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Cornell, aliachia programu mtandaoni jioni ile. Aliiachia kupitia kompyuta ya MIT, Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, kilomita mia kadhaa kutoka alipokuwa, ili asijulikane. Ilikuwa ni mnyoo, yaani programu inayojinakili yenyewe kutoka kompyuta moja kwenda nyingine pasipo mtu kugusa chochote. Ililenga kompyuta za aina ya VAX na Sun zilizotumia Unix ya Berkeley, yaani mfumo mkuu unaoiendesha kompyuta. Haikufuta mafaili wala kuiba kitu. Kazi yake ilikuwa kuenea.

Iliingiaje? Nataka msikilize sehemu hii kama mafundi.

Kulikuwa na programu ya kusambaza barua pepe iitwayo sendmail. Ndani yake palikuwa na amri ya DEBUG, iliyowekwa kwa ajili ya mafundi wanaoijaribu. Amri hiyo ikiwashwa, barua iliweza kuelekezwa kwenye amri badala ya mtu. Ni kama karani wa posta apokee bahasha, asome anwani, akute imeandikwa "fungua sefu," naye aende akafungue. Majaribio yaliisha, programu ikapelekwa kwa watumiaji, na kwenye mashine nyingi amri ile ilibaki hai.

Kulikuwa pia na mlango wa uani wenyewe. Msimamizi au mtumiaji wa Unix aliweza kuweka faili lenye orodha ya kompyuta na watu anaowaamini, na mtu akitokea huko hakuulizwa neno la siri. Kwa watafiti wanaozunguka kati ya mashine tano kwa siku, ilikuwa raha. Lakini mnyoo ukishaingia kwa jirani mmoja, unaisoma orodha, unapita uani kwa wote aliowataja, na kila mmoja anaupokea kama ni yeye.

Tena kulikuwa na programu ndogo iitwayo finger. Hii nitakaa nayo, kwa sababu ufa wake ni babu wa nusu ya nyufa mtakazokutana nazo kazini.

Finger ilijibu swali la kirafiki: fulani yupo? Unaitajia jina la mtumiaji, nayo inakwambia jina lake kamili, simu ya ofisini kwake, na mara ya mwisho alipoonekana. Ili kulipokea jina hilo, ilitenga nafasi ya herufi 512. Nani ana jina la herufi 512? Hakuna. Basi aliyeandika programu hakuona haja ya kuhesabu. Alitumia amri ya lugha ya C iitwayo gets, ambayo hupokea mstari wowote na kuuweka mahali ulipoelekezwa, bila kuuliza mstari una urefu gani.

Chukueni daladala la Mbagala saa kumi na moja jioni. Konda hahesabu. Viti vikijaa watu wanasimama, nafasi ya kusimama ikijaa anasema sogeeni mbele, na wanasogea. Sasa tuseme gari lenyewe halina chochote cha kuwatenga abiria na dereva. Wanaoendelea kupanda nyuma wanawasukuma wa mbele hadi kwenye kiti cha dereva kwenyewe, na aliyefikishwa kwenye usukani ndiye anayeamua gari linaelekea wapi. Kwenye kumbukumbu ya mashine ya VAX, mara baada ya nafasi zile 512, palikuwa na maelezo ya kazi iliyokuwa ikiendelea, likiwemo moja lililo muhimu kuliko yote: ukimaliza hapa, rudi mahali fulani uendelee. Mnyoo ulituma herufi 536. Zile 512 zilijaza viti. Zile 24 za mwisho ziliangukia kwenye usukani, na "rudi mahali fulani" ikaandikwa upya kuwa: rudi humuhumu, kwenye herufi nilizokupa, uzitekeleze kama amri. Amri zenyewe zilikuwa chache, za kumfungulia mgeni nafasi ya kuandika amri nyingine zozote anazotaka. Kwenye mashine za Sun ujanja huo haukufaulu, finger ilianguka tu. Kwenye VAX ulifaulu.

Je, hatari hii ilikuwa mpya? Oktoba 1972, James P. Anderson alikabidhi ripoti kwa Jeshi la Anga la Marekani. Ndani yake ameeleza mfumo usiokagua sawasawa anwani za mahali data inakotoka na inakokwenda, hivyo kwamba mtumiaji anaweza kuandika juu ya sehemu ya mfumo wenyewe, akapenyeza msimbo wake na kuishika mashine. Miaka kumi na sita kabla ya mnyoo. Niliposoma ukurasa ule mara ya kwanza niliinuka kwenye kiti nikatoka nje kutembea kidogo.

Na mlango wa mwisho, maneno ya siri. Hapa pana jambo linalonigusa kama mzazi.

Mwaka 1979, watafiti wawili wa Maabara ya Bell, Robert Morris na Ken Thompson, walichapisha makala kuhusu maneno ya siri kwenye Unix. Walikuwa wamekusanya maneno ya siri 3,289 ya watumiaji halisi. Kumi na tano yalikuwa na herufi moja tu. Sabini na mawili yalikuwa na mbili. Mia nne sitini na manne yalikuwa na tatu. Walipojumlisha yote mafupi mno, na yale yanayopatikana kwenye kamusi na orodha za majina, walifikia 2,831, yaani asilimia 86. Ndani ya makala hiyohiyo wamesimulia kisa cha MIT cha miaka ya 1960, kwenye mfumo uliotumiwa na watu wengi kwa pamoja. Msimamizi mmoja alikuwa akihariri faili la maneno ya siri, mwenzake akihariri tangazo la siku, mafaili yao ya muda yakabadilishana, na kwa kitambo kila aliyeingia alionyeshwa maneno ya siri ya watu wote badala ya tangazo. Ndiyo maana kwenye Unix waliyafumba maneno ya siri kwa hesabu iliyofanywa iwe ya polepole makusudi, ili anayejaribu kubahatisha achoke. Walifanya kazi nzuri sana. Ila faili lenyewe, likiwa na maneno yaliyofumbwa, liliachwa lisomeke na kila mtumiaji wa mashine.

Robert Morris huyo ni baba wa kijana wa Cornell.

Mnyoo ulipoingia kwenye mashine ulilisoma faili lile. Ulijaribu kwanza jina la mtumiaji lenyewe, kisha jina hilo limerudiwa mara mbili, kisha jina limegeuzwa nyuma mbele, yaleyale aliyoyalalamikia Metcalfe. Ukishindwa, ulitumia orodha yake ya maneno 432. Nimeisoma orodha hiyo mwanzo hadi mwisho. Mna "secret", mna "snoopy", mna "toyota". Ukishindwa tena, ulichukua kamusi iliyokuwa kwenye mashine yenyewe. Na ulibeba toleo la haraka la ile hesabu ya polepole. Baba alipima udhaifu wa kufuli na kuuandika kwa tarakimu; miaka tisa baadaye funguo zilezile zilifungua milango ileile, na mwenye mkono juu ya kitasa alikuwa mwanawe. Siku ya tukio baba alikuwa mwanasayansi mkuu wa kituo cha taifa cha usalama wa kompyuta nchini mwake. Sijui kama yupo mzazi hapa anayeweza kuisikia habari hiyo bila kushika kifua.

Kilichoangusha mashine, hata hivyo, kilikuwa kosa la mwandishi wa mnyoo mwenyewe. Mnyoo ulipoikuta nakala nyingine kwenye mashine, moja kati ya hizo mbili ilipaswa kujizima. Kijana alihofu wasimamizi wangeweka nakala bandia ili kuuzuia, basi akaweka kwamba mara moja katika kila saba, nakala mpya isijizime kabisa. Moja kwa saba inaonekana ndogo. Lakini mashine ilikuwa ikishambuliwa tena na tena, nakala zikarundikana hadi haikubaki nafasi ya kazi nyingine. Wasimamizi walizima na kuwasha, na dakika chache baadaye ilikuwa imejaa upya. Usiku wa manane Peter Yee wa kituo cha NASA cha Ames alitawanya ujumbe: tunashambuliwa na virusi vya intaneti, vimeshapiga Berkeley, San Diego, Lawrence Livermore, Stanford na Ames. Hesabu inayotajwa siku zote ni mashine 6,000. Hiyo ilipatikana kwa kukisia tu kwamba moja katika kila kumi iliguswa, basi mkiinukuu, inukuuni kama kisio.

Saa tisa na nusu usiku ule, rafiki wa kijana Morris aliyekuwa Harvard, Andy Sudduth, aliandika onyo bila kutia jina. Alisema huenda kuna virusi vimeachiwa kwenye intaneti, akaeleza hatua tatu za kujikinga, ikiwemo kurekebisha finger na kuiondoa ile DEBUG. Yote yalikuwa sahihi. Lakini vituo vilikuwa vimeanza kujikata mtandaoni ili kujiokoa, na njia za barua pepe zilikuwa zimezibwa au kulemewa. Onyo lilifika baada ya siku nzima kupita, wakati mafundi wa Berkeley, Purdue na MIT walishakesha kuuchambua mnyoo na kutoa viraka, yaani marekebisho ya kuziba nyufa, wao wenyewe. Nikifikiria usiku ule sifikirii mnyoo kwanza, naifikiria barua ile imekwama njiani ikiwa na dawa ndani yake.

Mahakama nitaipita haraka. Januari 1990 baraza la wazee wa mahakama lilimtia kijana hatiani kwa sheria ya uhalifu wa kompyuta ya mwaka 1986, wa kwanza kuhukumiwa na baraza chini ya sheria hiyo. Alipewa uangalizi wa miaka mitatu, saa 400 za kazi za jamii, na faini ya dola 10,050. Baadaye akawa profesa, MIT.

Sasa nirudi nyumbani, na nisimulie la kwangu.

Miaka kumi na moja iliyopita nilikuwa msimamizi wa mitambo katika kampuni ambayo sitaitaja. Mkandarasi alituletea mfumo wa mishahara. Ili waujaribu, waliomba akaunti ya muda: jina la mtumiaji test, nywila test. Majaribio yakaenda vizuri, hati za makabidhiano zikasainiwa, pilau likaliwa, mkandarasi akaondoka. Akaunti ikabaki. Miezi kumi na sita baadaye, asubuhi ya Jumatatu, nilifungua kumbukumbu za seva nikaona kwamba Jumapili saa nane usiku mtu aliingia kama test, kutoka nje ya nchi, akanakili faili la wafanyakazi wote.

Nilikuwa na daftari la kazi, la jalada jeusi. Siku zile nilifungua kurasa za nyuma nikitafuta namba fulani, nikakutana na mwandiko wangu, kalamu ya bluu: "Futa akaunti ya test." Tarehe ya wiki ileile ya makabidhiano. Nilikuwa nimeliona. Nilikuwa nimeliandika. Nikageuza ukurasa.

Wiki mbili baadaye orodha ya mishahara ikawa inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Dada mmoja wa masijala alikuja ofisini kwangu, akafunga mlango taratibu, akakaa. Akaniambia, "Kaka, mimi nyumbani nilikuwa nasema napata laki tatu. Ile nyingine namlipia mdogo wangu ada, na shemeji zangu hawakutakiwa kujua. Sasa wamejua. Nifanyeje?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia samahani, akasema haya kaka, akainuka. Mdogo wake alisimama masomo muhula ule. Tunaposema "uvujaji wa taarifa" tunazungumza kama vile maji yamevuja kwenye bomba. Mimi namkumbuka mtu aliyefunga mlango taratibu.

Baadaye niliposoma habari za Cliff Stoll nilijiona ndani yake. Agosti 1986, Stoll, mwanafalaki aliyehamishiwa kusimamia kompyuta katika Maabara ya Lawrence Berkeley, alipewa kazi ya kutafuta senti 75 zilizopungua kwenye hesabu za matumizi ya mashine. Angeweza kuzilipa mfukoni mwake yakaisha. Alizifuatilia, zikampeleka kwa mtu aliyekuwa akitumia maabara hiyo kama daraja la kuingilia kompyuta za jeshi. Alimfuatilia kwa miezi mingi, akiweka printa kwenye laini za simu ili kila herufi ya mgeni ichapwe, na mwishowe akatengeneza mafaili ya uongo yaliyojaa habari tamu za kijeshi ili mtu akae muda mrefu kwenye laini huku mafundi wa simu wa Ujerumani Magharibi wakisaka alipo. Alikuwa Hannover, jina lake Markus Hess, na waliokuwa wakinunua alichokipata walikuwa KGB, shirika la ujasusi la Kisovieti. Stoll aliandika kwamba mtu yule alijaribu kompyuta kama 450 na kuingia zaidi ya 30.

Na aliingiaje? Mara nyingi kwa akaunti zilizokuja na mashine kutoka kiwandani. Mashine zilizoendeshwa na VMS, mfumo mwingine mbali na Unix, zilikuwa na akaunti ya mafundi wa kampuni, jina field, neno la siri service. Fundi anakuja, anafunga mashine, anaondoka, na akaunti yake inabaki ikimngoja. Test na test. Field na service. Ufa mmoja, na ndio uleule mtakaoukuta kwenye kamera za ulinzi na ruta za mtaani mwenu jioni ya leo.

Kuna jambo moja jema lililozaliwa na usiku wa Novemba 1988, nalo limetufikia hadi hapa. Mafundi walipokuwa wakihangaika, hakukuwa na namba hata moja ya kupiga na kuuliza: nani anajua kinachoendelea? Kabla ya mwaka kwisha, fedha za Wizara ya Ulinzi ya Marekani zilianzisha kituo katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, kazi yake kupokea taarifa za mashambulizi, kuzithibitisha na kuwaonya wengine. Kikaitwa CERT. Nchi nyingi zilifuata. Hapa kwetu tuna TZ-CERT, chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, na majirani zetu Kenya wana KE-CIRT. Wengi wenu mnasoma matangazo yao ya nyufa mpya, najua. Nawaomba mkisoma, angalieni pia tarehe ya ufa wenyewe kugunduliwa, na tarehe seva zenu zilipopata kiraka. Nafasi kati ya tarehe hizo mbili ndiyo kazi yenu. Hakuna mwingine ofisini atakayeiona.

Mtaniuliza, gets ilikuwaje? Finger ilipata kiraka ndani ya saa chache. Gets yenyewe ilibaki kwenye lugha ya C, ikifundishwa kwenye vitabu, ikitumiwa na wanafunzi kwa sababu ni fupi kuandika. Iliondolewa rasmi kwenye kiwango cha lugha hiyo mwaka 2011. Miaka ishirini na mitatu baada ya mnyoo.

Nimeongea vya kutosha, na chai inatungoja. Tukitoka huko tutaingia maabara. Nimewaandalia programu ya mistari kumi na minne, yenye nafasi ya herufi 16 na gets ndani yake. Kila mmoja ataiangusha kwa mikono yake, kisha ataiziba kwa mikono yake, kisha atajaribu kuiangusha tena. Zile kompyuta kumi na mbili za ukuta wa dirishani nimezichomoa mtandaoni mwenyewe alfajiri, na waya nimezikunja juu ya meza ya mwalimu. Mkimaliza, kabla ya kuzirudisha, kila mmoja afute akaunti niliyomfungulia, na asaini kwenye daftari jeusi kwamba ameifuta.